Usiku Mmoja Msituni Usambara: Uchambuzi wa Kisa cha Watembeaji Tisa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu watu tisa waliolazimika kulala ndani ya msitu wa hifadhi huko Usambara Magharibi, mkoani Tanga, katika matembezi ya siku mbili ya mwisho wa juma ambayo hayakupangwa yawe na usiku wa namna hiyo. Hakuna aliyepoteza maisha wala kupata ulemavu, na pengine ndiyo maana wahusika walikubali kueleza yote bila kuficha. Nilizungumza nao kila mmoja peke yake, kisha nikalinganisha maelezo yao. Majina ya watu, ya vijiji na ya njia yenyewe nimeyaondoa, na wahusika nitawaita kwa nafasi zao tu. Nimekiandika kwa ajili ya wanaoratibu safari kama hizi, hasa wale wanaowatoa watu mwambao na kuwapeleka milimani, kwa sababu kilichotokea hapa kinaweza kutokea Jumamosi yoyote.

Usuli

Kikundi kilikuwa na watu wanane kutoka Tanga mjini: Mratibu, mwanamume wa miaka arobaini hivi, Muuguzi, binti wa miaka ishirini na kitu ambaye alikuwa mgeni kikundini, Mama, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, Binti, ambaye ni mtoto wa dada yake Mama, wanandoa wawili, na vijana wawili wa kiume. Wa tisa alikuwa Mwenyeji, kijana wa huko huko mlimani aliyekodiwa kuonyesha njia. Wote wanane walikuwa wazoefu wa kutembea, lakini uzoefu wao ulikuwa wa pwani: asubuhi za Jumapili kwenye barabara tambarare, chini ya jua, huku nyumba na maduka yakionekana kila upande.

Mpango ulikuwa hivi. Wangeondoka Tanga saa kumi na moja alfajiri kwa basi dogo la kukodi, wapite Segera, Korogwe na Mombo, wapande hadi Lushoto, wachukue kibali cha kuingia msituni, na waanze kutembea saa nne asubuhi. Njia ilikuwa ya kilomita 13 hivi. Ilianzia kwenye mashamba ya kabichi na viazi, ikapanda ndani ya msitu hadi kwenye mgongo wa mlima wenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, kisha ikateremka upande wa pili hadi kijiji ambako walikuwa wameweka nafasi katika nyumba ya kulala wageni. Jumapili wangeteremka taratibu hadi barabarani. Katikati ya njia, muda mfupi kabla ya kufika kileleni, kulikuwa na njia panda ambayo ndiyo mahali pa mwisho pa kurudi kwa urahisi. Mratibu alikuwa ameandika kwenye karatasi ya safari kwamba kikundi kisipofika njia panda ifikapo saa nane mchana, kitarudi kilikotoka.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi Juni, na jambo hili lina uzito kuliko lilivyoonekana kwa waliopanga. Mtu wa Tanga mjini akisikia Juni huwaza kwamba masika yamekwisha na njia zimekauka. Kwa mjini ni kweli. Lakini katika kipupwe upepo wa kusi huvuma kutoka baharini ukiwa umebeba unyevu, na milima ya Tao la Mashariki, Usambara ikiwemo, ndiyo ya kwanza kuupokea; hewa ikipanda hupoa, na ikipoa hugeuka ukungu na manyunyu ambayo yanaweza kukaa juu ya msitu mchana kutwa huku Mombo, hapo chini, kukiwa na jua kali. Isitoshe, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mtu aliyeamka Tanga akiwa na fulana huwa, kwenye mgongo wa mlima ule, katika hali iliyopoa kwa zaidi ya nyuzi 10. Hakuna hata mmoja wa wale wanane aliyekuwa na suruali isiyo ya pamba. Watatu walivaa jinzi.

Mfululizo wa matukio

Basi liliondoka Tanga saa moja kasoro dakika kumi, baada ya kuwasubiri watu wawili. Njiani walisimama kunywa chai, kisha Lushoto wakatumia muda kwenye kibali na sokoni. Walianza kutembea saa saba kasorobo mchana, wakiwa wamechelewa kwa karibu saa tatu.

Wakiwa bado ndani ya basi, Mratibu aliwatangazia kwamba kwa kuwa wamechelewa, muda wa mwisho wa kufika njia panda sasa utakuwa saa tisa na nusu. Hakuna aliyehoji. Nimemwuliza kila mmoja kuhusu dakika ile, na wengi hawakuikumbuka kabisa mpaka nilipowatajia.

Walifika njia panda saa kumi jioni, nusu saa baada ya huo muda mpya. Hapo palikuwa na mjadala mfupi. Mratibu alimwuliza Mwenyeji kumebaki muda gani, naye akajibu, "Tukikaza mwendo, saa moja na nusu tu, kaka." Kikundi kikaendelea. Kabla ya kuuvuka mgongo, mtandao ulikamata, na Mratibu akamtumia mwenye nyumba ya wageni ujumbe kwamba wamechelewa na watafika saa moja usiku.

Ukungu uliwashukia mara tu walipoanza kuteremka. Hapakuwa na mvua, na wahusika wote walilisisitiza jambo hili kana kwamba bado linawashangaza. Njia ilikuwa nyembamba, imefunikwa na kangaga zilizofika kiunoni pande zote mbili, na kila jani lilikuwa limebeba maji. Ndani ya nusu saa suruali zao zilikuwa zimelowa hadi mapajani na raba zilikuwa zikitoa maji kila hatua. Migongo ilikuwa imelowa pia, kwa jasho la kupanda, na upepo ulikuwa ukiipuliza.

Mama alianza kubaki nyuma. Alipoulizwa alisema hajambo, ni magoti tu. Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini walipumzika, na Binti akamkabidhi yai la kuchemsha. Mama alilizungusha mkononi kwa muda, akalikwaruza kwa kucha, kucha haikushika ganda, akamrudishia mpwa wake akisema, "Nimenyee, mwanangu." Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Binti hakuona neno na akaanza kumenya. Muuguzi, aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo, aliona. Alimshika Mama mikono, akamtaka afungue na kufunga zipu ya sweta lake, na Mama akashindwa. Kisha akagundua kwamba Mama, ambaye muda mfupi kabla alikuwa anatetemeka, sasa alikuwa anatetemeka kwa vipindi tu.

Uamuzi wa kusimama

Muuguzi alimwambia Mratibu mbele ya wote: "Kaka, Mama hatembei tena leo." Hapo pakazuka mabishano, nami nayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha kisa.

Mapendekezo yalikuwa matatu. Mwenyeji na mume yule walitaka waendelee, kwa kuwa kijiji kilikuwa karibu: saa moja tu, kwa maneno ya Mwenyeji. Vijana wawili walitaka kikundi kigawanyike, wao watangulie na Mwenyeji kuleta msaada na machela. Muuguzi alitaka wote wasimame hapo hapo na kutumia mwanga uliobaki kutengeneza mahali pa kulala.

Jua katika mwezi ule huzama saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano hivi, na ndani ya msitu giza hutangulia. Walikuwa na tochi moja ya kweli, ya Mwenyeji, na simu za wengine. Mbele yao kulikuwa na mteremko mkali wenye mizizi na utelezi kando ya korongo. Mratibu aliwahesabu watu, akazihesabu tochi, akauliza korongo lina kina gani, kisha akakubaliana na Muuguzi: wote wasimame, asiondoke mtu. Sababu aliyonipa ni kwamba kama vijana wangeondoka na Mwenyeji, wangeondoka na tochi na ujuzi wa njia pamoja, na waliobaki wangekuwa na mgonjwa na giza.

Usiku

Wanawake wanne walijitenga kidogo. Watatu walishika kanga kumzunguka Mama, wakamvua nguo zote zilizolowa na kumfunga kanga kavu kutoka kwenye begi la Binti, ambaye alikuwa amezifunga ndani ya nailoni kwa sababu tu hakutaka zinuke samaki wa kukaanga waliokuwa kwenye begi hilo hilo. Kichwa kilifungwa kilemba. Mwenyeji alikagua ardhi kwa tochi akitafuta siafu na upupu, akahama mara mbili kabla ya kuridhika, kisha wanaume wakakusanya majani makavu yaliyoanguka chini ya miti mikubwa, wakayalundika na kuweka mabegi juu yake ili Mama asilale kwenye udongo. Mwenyeji alikuwa na nailoni pana ambayo huitumia kufunika mboga. Ndiyo iliyokuwa paa. Binti na Muuguzi walilala naye kila upande, chini ya kanga na vikoi vilivyobaki.

Hawakuwasha moto. Hairuhusiwi katika msitu wa hifadhi, na kuni zote zilikuwa zimelowa. Mmoja alitaka kumsugua Mama miguu na mikono kwa nguvu ili damu itembee, Muuguzi akamkataza. Mwingine alitoa chupa ndogo ya pombe kali, akamkataza pia. Alimpa tende na kashata, kidogo kidogo, alipohakikisha kwamba anameza vizuri. Baada ya muda Mama alianza kutetemeka kwa nguvu, jambo lililowatisha wengine, ilhali Muuguzi alilifurahia.

Saa mbili hivi perere alianza kulia juu ya mti. Sauti ya mnyama yule mdogo ni mlio wa kukwaruza unaopanda hadi ukawa ukelele, na kwa asiyemjua ni sauti ya kutisha mno. Kijana mmoja alisimama akataka waondoke. Mwenyeji alimweleza ni mnyama gani na ukubwa wake, naye akaketi. Nalitaja jambo hili kwa sababu hofu ya usiku huwatoa watu mahali salama na kuwaingiza makorongoni, na maelezo ya mtu mmoja anayeufahamu msitu yaliizima ndani ya dakika moja.

Kijana wa pili, ambaye huchezesha mechi za mtaani, alikuwa na filimbi. Walikubaliana apulize mara tatu, kisha watulie wasikilize, na arudie kila baada ya muda. Saa nne na nusu usiku filimbi ilijibiwa kwa sauti za watu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amesubiri mpaka saa mbili, kisha akampigia mwenyekiti wa kitongoji, na wanaume watatu wakapanda na tochi, mablanketi mawili na chupa ya chai ya moto. Wazee wale waliitazama njia, wakamtazama Mama, wakasema hakuna kuteremka mpaka kukuche. Wakalala nao.

Matokeo

Waliondoka kulipopambazuka. Ile "saa moja" iliwachukua saa mbili na zaidi, mchana, wakiwa na watu watatu wa kuwasaidia. Mama alipelekwa zahanati, akapimwa, akapumzishwa na kuruhusiwa siku hiyo hiyo. Mume yule aliteguka kifundo cha mguu kwenye mteremko ule ule wa korongo, kukiwa na mwanga kamili.

Uchambuzi

*Muda wa kurudi ulisogezwa kana kwamba jua nalo limesogezwa.* Saa nane iliyoandikwa kwenye karatasi ilitokana na hesabu nzuri: ukitoka njia panda saa nane, hata ukitembea polepole unafika kijijini saa kumi na moja, kukiwa na mwanga. Ukitoka saa kumi, kwa mwendo ule ule, unafika saa moja usiku. Mratibu aliongeza saa moja na nusu kwenye muda wa kurudi kwa sababu ya kuchelewa kuanza, na hivyo akauondolea maana yake yote, kwa kuwa muda ule ulihesabiwa kutoka machweo kuja nyuma. Hausogei hata kama safari imechelewa kuanza. Kinachopungua ni umbali wa kwenda. Kwa maoni yangu uamuzi sahihi ulikuwa Lushoto, saa saba kasorobo: kulala mjini, au kufanya matembezi mafupi na kurudi. Kwa watu wanaotoka Tanga, safari ya namna hii ianze Ijumaa jioni. Mwendo wa barabarani wa nusu siku hauwezi kuunganishwa na mwendo wa msituni wa saa tano katika siku moja pasipo nafasi ya kuchelewa.

*Nguo za pamba na maji ya majani.* Maji huondoa joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na pamba iliyolowa huyashikilia maji hayo kwenye ngozi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mikono na akili hupoteza ustadi, na mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Ndiyo maana yai lile lilikuwa dalili bora kuliko jibu la "sijambo". Kutetemeka kunapokoma kabla mtu hajapata joto ni dalili ya hatari, na kunaporejea baada ya kukaushwa ni dalili njema. Kusugua viungo kwa nguvu hakumsaidii aliyepoa na kunaweza kumdhuru. Pombe hutanua mishipa ya ngozini na kutoa nje joto lililobaki. Muuguzi alipatia yote, na kanga kavu zilifanya kazi ambayo sweta la bei kubwa lililolowa lisingeifanya. Ile duara ya kanga nayo ina umuhimu wake: Mama aliniambia kwamba asingekubali kuvuliwa mbele ya wanaume, na kama wanawake wale wasingelifikiria hilo mara moja, muda wa thamani ungepotea katika kubembelezana.

*Ujumbe kwa mwenye nyumba.* Huu ulisaidia na kudhuru. Kwa mpango wa awali, mwenye nyumba angeanza kuulizia saa kumi na mbili jioni. Ujumbe wa kutoka mlimani ulimtuliza hadi saa mbili. Ni vyema kutuma habari ya kuchelewa, lakini iambatane na saa mpya ya kuanza kutafutwa, iliyotajwa wazi. Mwenye nyumba alijiamulia mwenyewe saa mbili, na aliamua vizuri.

*Kutogawanyika.* Baadhi ya wahusika bado wanaamini kwamba kama vijana wangetangulia, msaada ungewahi kufika kwa muda wa saa mbili. Huenda ungefika. Matokeo mema peke yake hayathibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mwema, na mimi siutetei kwa sababu Mama alipona. Nautetea kwa yale yaliyojulikana saa kumi na mbili kasorobo: tochi moja, mjuzi wa njia mmoja, korongo, na watu wa kijijini ambao tayari walijua kikundi kinatarajiwa. Kama hakuna ambaye angewatafuta, hesabu ingekuwa nyingine.

*Nani alikuwa huru kusema "turudi"?* Hili ndilo lililonishughulisha kuliko yote. Pale njia panda, saa kumi, kila mtu mwenye nafasi ya kukisimamisha kikundi alikuwa na cha kupoteza. Mratibu alikuwa ametoa arubuni ya chumba na chakula kwa michango ya wenzake, na alijua atadaiwa maelezo. Mama alikuwa ameanza kusikia baridi, lakini alikuwa mkubwa kuliko wote na hakutaka kuwa mzigo kwa vijana. Binti hakuweza kumsemea mama yake mdogo wakati mwenyewe amesema hajambo.

Na Mwenyeji? Nilipomwuliza kwa nini alisema saa moja na nusu, alijibu kwa unyoofu kwamba hiyo ni saa moja na nusu yake yeye, anayepita pale na mzigo wa mboga. Alikuwa ameuona ukungu ukijikusanya, na alijua maana yake. Hakusema, kwa sababu watu wazima walikuwa wameshaonyesha wanataka kwenda, na kijana wa umri wake hawapingi wakubwa waliomkodi. Kisha akaongeza jambo ambalo wenzake hawakuwa wamelifikiria: nusu ya malipo yake alikuwa ameipokea Lushoto, na nusu ya pili ilikuwa aipokee kijijini, watakapofika. Kurudi kungemkosesha fedha ya siku nzima.

Muuguzi peke yake hakuwa na cha kupoteza. Hakuwa na cheo kikundini, hakuwa ndugu wa mtu, hakuwa amepanga lolote, na taaluma yake ilimpa neno ambalo hata mkubwa hulisikiliza. Ni bahati kwamba mtu kama huyo alikuwepo, na ni bahati zaidi kwamba alikuwa ameketi karibu na lile yai.

Mabadiliko yaliyofanywa na kikundi

Kikundi kimeamua kwamba mtunza saa atakuwa mtu mwingine asiye Mratibu, atateuliwa kabla ya kuondoka Tanga, na saa ya kurudi ikifika atatamka kwa sauti bila kuombwa. Kila mshiriki atabeba nguo kavu ndani ya nailoni iliyofungwa na tochi yake mwenyewe, na mwenyeji ataulizwa faragha, mbali na kikundi, hali ya hewa na mwendo wa mtu aliye dhaifu kuliko wote. Arubuni ya chakula wameamua kuihesabu kuwa imeshatumika tangu inapolipwa. Malipo ya mwenyeji sasa hukamilishwa yote asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza, na huambiwa wazi mbele ya kikundi chote kwamba akisema warudi, fedha hiyo ni yake.